Mark 4 iliyokataa kulia, na ganda lililotoka nusu

Swali: Assalaam aleikum mzee. Mimi ni askari wa akiba, kijiji kimoja karibu na Witu, kaunti ya Lamu. Nimepewa bunduki ya Mark 4, ile Lee-Enfield ya risasi za .303. Wiki jana tulipelekwa renji. Risasi mbili za mwanzo zililia vizuri. Ya tatu nikafyatua, nikasikia tik tu. Nikavuta bolti papo hapo nikaitoa. Ya nne ililia, lakini ilichelewa kidogo. Ya tano ililia sawa, ila bolti ikashika, nikaipiga kwa kiganja mpaka ikafunguka, na ganda lililotoka lilikuwa nusu. Ya sita haikuingia kabisa. Mkufunzi anasema risasi ni mbovu. Wenzangu wanasema bunduki imezeeka. Yuko na anayesema nimefanyiwa mambo. Siku moja kabla ya renji tulisafisha bunduki zetu sote pamoja kituoni, kwenye turubai moja. Risasi zangu naziweka nyumbani ndani ya mfuko wa ngozi, chumba cha nyuma kinachopakana na zizi la punda, kwa sababu watoto hawapendi kwenda huko. Kupaka, napaka mafuta ya nazi, ya bunduki hayapatikani. Shida iko wapi?

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Nikiisoma barua yako naona jibu umelibeba mwenyewe, katika ile sentensi uliyoipita haraka: mlisafisha bunduki zote kwenye turubai moja. Nitafika hapo. Kwanza nikugombeze kidogo.

Ile ya tatu, iliyofanya tik, ulikosea kuifungulia bolti, kile chuma chenye mpini kinachofunga nyuma ya mtutu, papo hapo. Ukishafyatua na bunduki isilie, kwako wewe risasi hiyo bado ni hai. Pengine fataki, kile kiduara kilicho katikati ya kitako cha risasi, kimeshika moto hafifu na baruti inachelewa kuupokea. Ile ya nne ilikuonyesha kwamba jambo hilo hutokea. Sasa fikiria kama iliyochelewa ingekuwa ya tatu, na wewe umeshavuta bolti: ganda lingepasuka nje ya chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, shaba ikarukia usoni na mkononi. Tik ikitokea, mtutu unabaki umeelekea shabaha, kidole kinatoka kwenye kifyatuo, uso hauwi nyuma ya bolti, na unahesabu sekunde 30 polepole. Wakufunzi wengine hutaka dakika nzima, nami sibishani nao. Baada ya hapo unainua mkono ili mkufunzi aje. Hugeuki na bunduki kumwonyesha jirani.

Jambo la pili ambalo hukulisema: ile iliyochelewa, mlio wake ulikuwa kamili? Na tundu lake ulilikuta kwenye shabaha? Ikiwa ililia kinyonge, puf, huenda kichwa cha risasi hakikutoka, kimekwama ndani ya mtutu. Kwa kuwa ya tano ilifuata na wewe mzima, nadhani mtutu ulikuwa wazi. Lakini siku nyingine ukisikia mlio dhaifu, usiweke nyingine mpaka bolti itolewe na mtutu utazamwe kutoka nyuma hadi uone mwanga upande wa pili. Risasi inayopigwa nyuma ya ile iliyokwama ndiyo inayopasua mitutu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Umeniandikia mambo matatu: moja haikulia, moja ilichelewa, moja ganda lake lilikatika. Mkufunzi ameshika la kwanza na la pili, akasema risasi. Wenzako wameshika la tatu, wakasema uzee. Mimi nikiona dalili tatu zimetoka bunduki moja, asubuhi moja, ndani ya risasi tano, natafuta kwanza sababu moja inayozibeba zote. Nayo ipo: ni nafasi iliyo kati ya uso wa bolti na kitako cha mtutu.

Chukua risasi ya .303 uitazame. Kitako chake kina ukingo uliotokeza nje. Ukingo huo ndio unaoizuia isizame mbele. Huegemea kitako cha mtutu, na nyuma yake bolti inakuja kuufunga. Ile nafasi iliyoachwa kwa ajili ya ukingo hupimwa kwa geji, kipande cha chuma chenye kipimo maalumu. Kipimo cha chini ni inchi 0.064, na cha juu cha kuruhusiwa jeshini kilikuwa inchi 0.074. Kwa milimita ni kama 1.6 na 1.9. Tofauti yake ni unene wa karatasi chache tu, lakini ndani yake ndimo mambo yote yalimo.

Nafasi ikizidi, risasi inakaa mbali na bolti. Pini inayopiga fataki hutokeza kidogo sana mbele ya uso wa bolti, kiasi cha milimita moja na chembe. Ukiiongezea safari, inafika imechoka. Mara fataki haishiki kabisa, hapo unapata tik. Mara inashika vibaya, hapo unapata mlio wa kuchelewa. Watu wengi hudhani kuchelewa ni ushahidi wa risasi mbovu moja kwa moja. Mara nyingi ni hivyo, lakini pigo dhaifu nalo huleta yaleyale.

Na ikilia je? Moto unapowaka, sehemu ya mbele ya ganda hutanuka na kung'ang'ania ukuta wa chemba. Ile ya nyuma, yenye kitako kinene, inasukumwa hadi ikute bolti. Kama bolti iko mbali, shaba ya katikati inalazimika kuvutika ili kuziba pengo. Huvutika mpaka inakuwa nyembamba mahali pamoja, karibu sentimita moja juu ya ukingo, na siku yake ikifika inakatika. Kulabu ya bolti inatoka na kitako; mwili unabaki chemba. Ndiyo maana ya sita haikuingia: ilikuwa inaingia ndani ya nusu ganda. Usiilaumu magazini.

Sasa turubai. Mark 4 haikutengenezwa kwa bolti zinazobadilishana kama betri za tochi. Kichwa cha bolti, kile kipande cha mbele kinachofunguka kwa kuzungushwa, kilitolewa kwa vipimo vinne vilivyoandikwa 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kikizidi mwenzake urefu kidogo. Fundi wa silaha alikuwa akipima bunduki moja moja kwa geji na kuichagulia kichwa chake. Tena makufuli ya bolti hii, yale matuta yanayoishika isirudi nyuma risasi ikilia, yako nyuma, na kila bolti hukaa kwa namna yake ndani ya bunduki iliyozoeana nayo. Hebu fikiria watu wanane wamekaa kwenye turubai, bolti nane zimetolewa, zimepanguswa, zimelazwa mstari mmoja, mtu akaitwa chai, na kila mmoja akarudi akachukua iliyo karibu. Inaingia. Inafunga. Inakoki. Hakuna kitu kitakachokuambia umekosea mpaka ufike renji.

Kwa hiyo kabla hujafanya lolote, tazama nyuma ya mpini wa bolti, pale unapoungana na mwili wake. Kuna nambari imepigwa. Kisha tazama ubavu wa kushoto wa bunduki, kwenye chuma kinachoshikana na kitako cha mbao: kuna nambari nyingine. Zikitofautiana, bunduki hiyo haipigwi tena mpaka ipimwe. Na usikae kimya, kwa sababu ikiwa wewe una bolti ya mtu, basi yupo mwenzako Witu anayelala na yako kando ya kitanda akidhani bunduki yake ni nzima.

Nambari kutofautiana peke yake si hukumu. Bunduki hizi zilitengenezwa kwa wingi tangu 1941, Uingereza, Canada na Marekani, zimepita mikono mingi, na nyingine zilibadilishwa bolti zamani na fundi aliyezipima sawasawa. Vilevile nambari kufanana si kinga, maana chuma huchakaa. Mwamuzi ni geji. Ila kwa habari uliyonipa, kama ningekuwa mtu wa kuwekeana dau ningeliweka hapo. Na huyo anayesema umefanyiwa mambo, mwambie mchawi hahitaji turubai.

Hata hivyo sitaki kumdhulumu mkufunzi wako. Kuna namna ya kujua kama ana haki, na ushahidi uko mkononi mwako ikiwa hukuutupa. Ile risasi ya tatu isiyolia, itazame fataki yake. Kama pini imeacha shimo la kina na la katikati, bunduki ilifanya kazi yake, risasi ndiyo iliyokataa. Kama ni alama ya kugusa tu, lawama inarudi kwenye bunduki. Usiilinganishe na maganda yaliyolia, utadanganyika: moto ukishawaka, msukumo hubonyeza fataki irudi kwenye uso wa bolti na shimo hubadilika sura. Linganisha na risasi nyingine isiyolia, kutoka bunduki ya mwenzako, ikiwa ipo. Na swali jepesi kuliko yote: risasi za boksi lilelile, waliopiga nazo wengine zote zililia? Kama zililia zote, mkufunzi abadilishe maneno.

Pigo dhaifu lina sababu nyingine mbili ambazo fundi atazikagua akiwa hapohapo. Moja ni bolti isiyofungwa hadi chini. Kwenye bunduki hii, ukiacha mpini umeinuka hata kidogo, nguvu ya springi hutumika kuukamilisha mzunguko badala ya kupiga fataki, na mchanga mdogo kwenye makufuli watosha kuleta hayo. Nyingine ni uchafu ndani ya tumbo la bolti, pale springi ilipo. Bunduki iliyokaa ghalani miaka hupakwa grisi nzito ya kuhifadhia. Grisi hiyo hukauka, hushika vumbi, na pini inakwenda kwa kuburura. Kuifungua pini ya Mark 4 kunahitaji spana yake maalumu. Usijaribu kwa koleo. Nimeona pini zilizopindwa na vijana wenye bidii kuliko vifaa.

Sasa lile ganda nusu, maana hapo pana njia mbili na usizichanganye. Litazame mahali lilipokatika. Kama limekatika kuzunguka, kama kwa msumeno, na ukingo wake unang'aa na umekuwa mwembamba, hilo ni la kuvutika, ni ile habari ya nafasi. Lakini kama kuna ufa uliokwenda kwa urefu, ubavuni au shingoni, na ndani ya ufa ni peusi, pasipong'aa, basi shaba ilikuwa imepasuka kabla hujafyatua. Hapo nitakuuliza habari za punda.

Sikutanii. Mkojo wa mnyama ukioza hutoa amonia, ile harufu inayochoma pua ukiingia zizini asubuhi. Amonia na shaba ya maganda haviwezani. Ganda linapotengenezwa kiwandani linavutwa na kubanwa, na mkazo ule hubaki ndani ya chuma. Amonia ikikutana na unyevu inaingia katikati ya chembe za shaba na kuzifungua pale penye mkazo. Waingereza walipata taabu hii India, ambako risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilikuwa zikipasuka zenyewe msimu wa mvua, hata mwanzo wakadhani ni mvua yenyewe. Mwaka 1921 wataalamu wao wa metali ndio walioeleza kwamba sababu ni amonia. Lamu hatuna farasi, lakini punda tunao wa kutosha, na chumba chako cha nyuma kinapakana na zizi. Masika ukuta ule hunywa maji. Huwezi kupata mahali pabaya zaidi pa kuweka risasi hata ukitafuta kwa makusudi.

Mfuko wa ngozi nao ni adui. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha hula shaba. Ndizo zinazoleta ule ukungu wa kijani. Kijani chepesi kinachofutika kwa kitambaa kikavu hakina neno. Kikiacha vishimo, risasi hiyo rudisha kituoni ibadilishwe. Usiikwangue kwa kisu, usiisugue kwa msasa, na usiipake mafuta ili ing'ae, maana mafuta hupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Ganda lenye mafuta halishiki ukuta wa chemba vizuri, kwa hiyo linaigonga bolti kwa nguvu zaidi. Weka risasi kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, mahali pakavu, mbali na zizi. Na mkebe ufungwe kwa kufuli: "watoto hawapendi kwenda huko" si ulinzi, mwanangu. Mtoto hupenda kila mahali siku asiyotazamwa.

Bado hatujasema kwa nini bolti ilishika. Ganda lililokatika peke yake halifanyi bolti iwe ngumu; mara nyingi hufunguka kwa wepesi wa kushangaza, mtu akadhani amefaulu. Ugumu ule unaniambia chemba yako ina kutu au vishimo, ganda lilipotanuka likauma ndani yake. Hapa ndipo pwani inapotuadhibu, na adhabu yenyewe imo pia ndani ya risasi. Fataki nyingi za .303 za kijeshi zilitiwa kemikali ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hii, kama ya jikoni, huvuta maji kutoka hewani. Mtu wa bara anaweza kulala na bunduki chafu usiku mmoja akasamehewa. Wewe uko karibu na bahari, upepo wa kusi unakuletea unyevu mlangoni. Ukiiacha tangu alasiri hadi asubuhi umeshachelewa.

Na mafuta hayaondoi chumvi. Hili wengi hawalijui, wanapitisha kitambaa chenye mafuta mara tatu, kinatoka cheusi, kisha cheupe, wanaridhika, na chumvi imelala chini ya mafuta ikila chuma. Chumvi huondolewa kwa maji. Askari wa zamani waliotumia .303 walikuwa na faneli maalumu ya kumiminia maji yanayochemka kutoka chemba hadi mdomo wa mtutu, na maana yake ilikuwa hiyo: maji yanayeyusha chumvi, na joto lake linaukausha mtutu upesi. Fanya hivyo siku ileile ya renji, bolti ikiwa nje. Tumia maji ya kunywa. Ya visima vyetu vingi yana chumvi yake, utakuwa unaosha kwa uchafu. Uso wa bolti nao upitishe kitambaa chenye maji ya moto, kwa kuwa moshi hufika hapo. Kausha, na baada ya hapo ndiyo upake mafuta, utando mwepesi. Kabla ya kupiga tena, chemba na mtutu vifutwe vikauke kabisa.

Kuhusu uzee, ni kweli bunduki yako huenda ina umri wa babu yako. Risasi yenyewe ya .303 ilipokelewa jeshini Uingereza mwaka 1888. Hilo halinishtui. Mark 4 iliyopimwa, yenye bolti yake na chemba safi, itamzika aliyeicheka. Iliyooshwa ovyo huzeeka kwa msimu mmoja wa mvua.

La kufanya sasa ni hili. Bunduki usiiguse kwa kutaka kuitengeneza. Ni ya serikali, na hata ingekuwa yako, nusu ganda lililokwama lina kifaa chake cha kulitoa, fundi anacho. Ukilichokonoa kwa msumari utaikwaruza chemba, na kila ganda litakalofuata litashika hapo. Mweleze mkuu wa kituo kwa mpangilio ulioniandikia mimi. Peleka bunduki pamoja na kile kitako cha ganda, maganda mazima, na ile risasi isiyolia ikiwa kwenye karatasi yake peke yake, usiichanganye na nzima. Omba vitu vitatu kwa majina: ipimwe nafasi kwa geji, itazamwe pini na springi, ikaguliwe chemba. Omba pia bolti za wote waliokuwa kwenye turubai zilinganishwe nambari siku hiyohiyo. Wengine watanuna kwa kusumbuliwa. Wanune.

Umebakisha mafuta ya nazi. Kitako cha mbao kipake ukipenda, hakuna ubaya. Wazee wetu wamepaka mbao za majahazi sifa, yale mafuta ya papa, miaka na miaka na harufu yake tukaizoea. Kwenye chuma, hapana. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka kufikia kama digrii 24, na wewe mwenyewe umeshayaona meupe ndani ya chupa asubuhi za Julai. Yakiwa ndani ya bolti hufanya vivyo hivyo, na yakikaa sana huwa ya kunata. Nenda dukani ukaombe mafuta ya cherehani, yale ya chupa ndogo yenye mdomo mrefu. Hayauzwi ghali, ni mepesi, hayagandi kwa baridi yetu, na tone mbili zinatosha.